Plakodemi: samaki wa deraya, na siki iliyowatoa mawe

Ukitafuta mtandaoni plakodemi, samaki wa kale waliotoweka miaka milioni 359 iliyopita, karibu kila mara utaletewa samaki mmoja: Dunkleosteus, kichwa kikubwa cha mfupa kilichoachama, na chini yake maelezo kwamba alifika mita nane, tisa, hata kumi. Maelezo hayo yana kasoro mbili. Kwanza, urefu umetiwa chumvi. Pili, huyo ni mmoja tu kati ya mamia ya spishi, na wengi wa ndugu zake wangeenea kwenye sinia la kawaida.

Nianze na urefu, maana ndani yake kuna tatizo linalomsumbua kila anayewachunguza samaki hawa. Plakodemi alikuwa mfupa mbele na gegedu nyuma. Mabamba ya mfupa yalifunika kichwa na kifua; kuanzia hapo hadi mkiani palikuwa na uti wa gegedu, na nje yake ngozi tupu au magamba madogo. Gegedu huoza. Kwa hiyo kinachofika mikononi mwetu mara nyingi ni sehemu ya mbele tu. Mabamba ya Dunkleosteus terrelli yanatoka kwenye mwamba mweusi wa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Jay Terrell aliyaokota kando ya Ziwa Erie mwaka 1867, John Strong Newberry akampa samaki huyo jina la Dinichthys mwaka 1873, na jina tunalolitumia leo lilikuja mwaka 1956 kwa heshima ya David Dunkle wa makumbusho ya Cleveland. Muda wote huo hakuna aliyepata mwili mzima.

Sasa utapimaje samaki usiye na kiwiliwili chake? Njia iliyozoeleka ilikuwa kupima mdomo, kutafuta papa mwenye mdomo wa ukubwa huo, kisha kusoma urefu wa papa. Hesabu inaharibika papo hapo, kwa sababu mdomo wa plakodemi ulikuwa mpana mno kwa mwili wake kuliko wa papa. Mwaka 2023 Russell Engelman alitoa kipimo kingine: umbali kutoka tundu la jicho hadi ukingo wa nyuma wa kifuniko cha matamvua. Nafasi hiyo hubeba ubongo, matamvua na misuli ya taya, vitu ambavyo samaki hawezi kuvipunguza wala kuvitanua apendavyo, kwa hiyo hufuatana na urefu wa mwili vizuri zaidi kuliko mdomo. Kipimo hicho kinaweza kukaguliwa kwa athrodira (kundi la plakodemi alimo Dunkleosteus) wadogo ambao miili yao imehifadhika hadi mkiani, kama Coccosteus wa Uskoti. Jibu lake kwa Dunkleosteus ni mita 3.4 kwa mtu mzima wa kawaida, na kama mita 4.1 kwa mkubwa kuliko wote. Binafsi naona huyu wa mita nne, mnene kifuani na mfupi nyuma, anaaminika kuliko lile dubwana refu la kwenye mabango.

Nguvu zake hazikupungua kwa kufupishwa. Athrodira walikuwa na kiungo cha mfupa kati ya ngao ya kichwa na ngao ya kifua, kirungu kikikaa ndani ya kishimo kila upande, hivyo mdomo ulifunguka kwa mwendo wa pande mbili: taya la chini linashuka, na fuvu lenyewe linanyanyuka kwa nyuma. Philip Anderson na Mark Westneat walipoujengea mfumo huo hesabu mwaka 2007, walipata kwamba mdomo ungefunguka kwa takriban sekunde 1/50, kasi inayotosha kuvuta maji pamoja na windo. Nguvu ya kung'ata kwenye ncha waliikadiria kuwa nyutoni 4,400, na hesabu yao ya 2009 ikaipandisha hadi nyutoni 6,000. Yale "meno" mawili ya mbele si meno. Ni kingo za mabamba ya taya, la juu likisuguana na la chini na kujinoa kama mkasi kila mara mnyama alipofunga mdomo.

Bamba mkononi

Watu wengi hukutana na plakodemi kwa kipande, wala si kwa samaki mzima. Kipande hicho husomwa hivi. Uso wa nje una marembo: vinundu, vishimo au matuta. Uso wa ndani ni laini. Ukiangalia mvunjiko kwa lenzi ya mara kumi utaona tabaka tatu: gumu juu, la matundumatundu katikati, na la chini lililopangika kama kurasa. Jiwe la kawaida halina mpangilio huo, wala gamba la konokono. Kingo nyingi zina ukanda usio na marembo. Hapo ndipo bamba la jirani lilipolalia. Ukanda huo ni wa thamani, kwani upana na upande wake hukuambia bamba lilikaa wapi na lipi lilikuwa juu ya lipi. Mifereji myembamba inayokatiza marembo ni njia za mfumo wa hisia ambao samaki hutumia kutambua mtikisiko wa maji. Kama bamba lina pande mbili zinazolingana na uti unaojitokeza ndani, ni bamba la katikati ya mgongo, na hilo mara nyingi linatosha kutaja jenasi.

Marembo nayo hutofautiana. Bothriolepis ana vishimo vilivyozungukwa na wavu wa matuta. Asterolepis ana vinundu vyenye miale. Phyllolepis ana matuta yanayozunguka kituo kimoja, duara ndani ya duara. Groenlandaspis utamjua kwa bamba la mgongo lililopanda juu kama pembetatu. Kosa linalowapata wengi ni kuamini marembo peke yake: samaki mchanga wa spishi ileile huweza kuwa na vinundu mahali ambapo mtu mzima ana wavu, na kwa njia hiyo spishi moja imewahi kupewa majina mawili. Mabamba yalikua kwa kuongezewa mfupa pembeni, kwa hiyo kitovu cha bamba ndicho sehemu ya zamani zaidi. Kabla ya kutangaza jina jipya, linganisha vitovu na vitovu na kingo na kingo.

Bothriolepis anastahili maneno zaidi kwa sababu ndiye plakodemi aliyefanikiwa kweli. Amepatikana katika kila bara, Antaktika ikiwemo, kwenye mashapo ya mito, maziwa, milango ya mito na pwani. Alikuwa antiaki, kundi jingine la plakodemi: sanduku la mfupa lililobapa chini, macho mawili na pua vimebanana katika tundu moja juu ya kichwa, mdomo mdogo upande wa chini, na mapezi ya kifua yaliyofungwa ndani ya mirija ya mfupa yenye kiungo katikati. Pale Miguasha, Quebec, Kanada, eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1999, wamepatikana kwa wingi na kwa ubora unaowezesha kufuata ukuaji wao tangu wachanga. Wachunguzi wa mwanzo wa antiaki wa Uskoti hawakuelewa wanatazama nini. Hugh Miller, mwashi wa mawe wa Cromarty aliyewachimbua na kuwaandikia kitabu mwaka 1841, alihangaika sana na hayo mabawa ya mfupa. Wengine waliwaza kobe, wengine mdudu. Jina Placodermi lenyewe lilitolewa na Frederick McCoy mwaka 1848.

Nyundo, kisha msasa

Zana za Miller zilikuwa nyundo na patasi. Kwa zana hizo unaona upande mmoja wa bamba, tena ule ambao mwamba umekubali kupasukia, na mwamba hupenda kupasukia kwenye udhaifu. Udhaifu huo mara nyingi ni mfupa wenyewe. Nusu ya mfupa huenda na jiwe la kulia na nusu na la kushoto, ndiyo sababu mchimbaji asiyetunza vipande vyote viwili ametupa nusu ya ushahidi.

Karne ya 20 ilileta njia ya kikatili zaidi. Erik Stensiö wa Stockholm na wenzake walisaga visukuku tabaka kwa tabaka, wakachora kila uso uliojitokeza, wakakata kila mchoro kwenye bamba la nta kwa kipimo kilichokuzwa, kisha wakayapanga mabamba ya nta hadi wakapata mfano wa fuvu pamoja na njia zake za neva na mishipa. Kisukuku kilibaki vumbi. Lakini kwa mara ya kwanza watu waliona ndani ya kichwa cha samaki wa Devoni, kipindi cha plakodemi wengi, na Stensiö akatumia aliyoyaona kudai kwamba plakodemi ni ndugu wa papa. Hilo la undugu halikudumu. Michoro yake ya mafuvu ingali inafunguliwa.

Asidi

Kisha ikaja siki. Harry Toombs, fundi wa visukuku wa makumbusho ya historia asilia ya London, alichapisha mwaka 1948 maelezo ya kutumia asidi asetiki, ile iliyomo kwenye siki, kuondoa chokaa bila kuondoa mfupa. Hoja yake ya kikemia ni rahisi: chokaa ni kalsiamu kaboneti na huyeyuka kwenye asidi dhaifu, ilhali mfupa ni kalsiamu fosfati na huyeyuka polepole mno kwenye asidi hiyohiyo. Mwaka 1963 Toombs alifika Gogo, karibu na Fitzroy Crossing katika jimbo la Australia Magharibi, mahali ambapo mbinu yake ilionekana kama imebuniwa kwa ajili yake. Bahari ya huko miaka milioni 380 hivi iliyopita ilikuwa na miamba ya matumbawe na mabonde yenye kina, ambako samaki waliozama sakafuni palipokosa oksijeni walifungwa na mabonge ya chokaa kabla matope hayajawabana. Hawakubapwa. Kule uwandani mtu hutembea akipasua mabonge kwa nyundo nzito, na mengi hayana kitu.

Nitaieleza kazi ya asidi kwa urefu, kwa kuwa ndipo uvumilivu unapolipa na ndipo visukuku vingi vinapofia.

Kwanza jaribu. Dondosha asidi kwenye chembe ya mwamba. Ikitoa povu, kuna chokaa. Kisha loweka kipande cha mfupa kisicho na maana kwa siku kadhaa, ukitazame. Kama mwamba una madini ya chuma au dolomiti nyingi, asidi asetiki itasuasua, na ni heri ujue hilo kabla hujaingiza fuvu. Piga picha pande zote. Mfupa uliojitokeza tayari upake gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 10, mikono miwili au mitatu myembamba, ukiacha kila mmoja ukauke kabisa. Mkono mmoja mzito haufai. Unapokauka hujikunja, na ukibanduka huondoka na vinundu.

Mchanganyiko ni asidi ya asilimia 5 hadi 10. Kwa lita moja ya asilimia 10 unahitaji mililita 100 za asidi kali (asetiki isiyochanganywa na maji) na maji ya kufikisha lita. Asidi huingia kwenye maji; usimwage maji kwenye asidi. Mvuke wake unachoma macho na koo, na ule wa asidi kali unaweza kushika moto kwa cheche asidi ikifika nyuzi 39 za Selsiasi, jambo la kuzingatia kwenye chumba kisicho na feni katika nchi za joto. Wengi huongeza gramu moja hivi ya kalsiamu fosfati katika kila lita, ili maji yawe yameshiba fosfati kabla hayajaigusa ile ya mfupa. Hatua hii ikirukwa hakuna kinachoonekana siku ya kwanza. Baada ya mizunguko kadhaa marembo yanakuwa butu.

Upige pia hesabu ya kiasi. Kikemia, lita moja ya asilimia 10 haiwezi kuyeyusha zaidi ya gramu 87 hivi za chokaa. Bonge lenye kilo moja ya chokaa litataka angalau lita 11.5, na kwa kweli zaidi, kwa sababu kadiri kalsiamu asetati (chumvi inayotokana na asidi kula chokaa) inavyojaa, mmenyuko hupoa kabla asidi haijaisha. Siki ya jikoni yenye asilimia 5 hufanya nusu ya hapo. Anayedhani mambo yamekwama na kuongeza asidi kali juu ya maji yaliyochoka anajitafutia balaa. Mimina yote, anza upya.

Bonge hukaa kwenye asidi siku moja hadi tatu. Likitoka huenda kwenye maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua mara mbili ya ule liliokaa kwenye asidi, na mara tatu ni bora. Hapa ndipo haraka hugharimu. Kalsiamu asetati imejaa kwenye matundu ya mfupa, na ukikausha ikiwa humo, fuwele zitaota ndani na kupasua bamba kutoka katikati. Ukiona unga mweupe kama manyoya unatokea juu ya mfupa unaokauka, rudisha kwenye maji mara moja. Kausha taratibu, kivulini. Kisha paka gundi mfupa mpya uliojitokeza, na uanze tena. Kazi ya fuvu moja huenda kwa miezi.

Mahali penye unyevu mwingi gundi hugeuka nyeupe kama maziwa. Asetoni inapopaa hupoza uso wa mfupa, na mvuke wa hewani hutua pale pale. Paka chumba kikiwa kikavu, au tumia kiyeyusho kinachopaa polepole kama ethanoli. Hatari nyingine ni ya kimuundo: chokaa kinachoondoka ndicho kilichokuwa kimebeba mfupa. Bamba lenye unene wa milimita moja haliwezi kujibeba likiwa limelowa. Acha nguzo za mwamba hadi mwisho, au lalaza kazi juu ya sponji. Kwa bonge lililopasuka katikati, Toombs na Arthur Rixon walieleza mwaka 1950 njia ya kugandisha uso ulio wazi ndani ya plastiki angavu na kuyeyusha mwamba wote wa upande wa pili. Mifupa hubaki imepangika ilivyolala. Na usitupe tope la chini. Chekecha. Magamba na mifupa midogo ya mapezi huishia humo.

Kilichotoka

Bila asidi tusingejua mengi kuhusu uzazi wao. Materpiscis attenboroughi, plakodemi mdogo wa kundi la tiktodonti kutoka Gogo, aliokotwa mwaka 2005 na kutangazwa mwaka 2008 na John Long, Kate Trinajstic na wenzao. Ndani ya mwili wake, asidi ilifichua mifupa midogo ya kiinitete kimoja na uzi uliopindapinda wa kitovu, vyote vimegeuka madini. Samaki huyu alizaa watoto hai miaka milioni 380 iliyopita.

Baada ya hapo watu walirudi kwenye makabati. Vielelezo vya Incisoscutum, athrodira wa Gogo, vilivyokuwa na mifupa midogo tumboni vilikuwa vimeelezwa zamani kuwa vimehifadhi mlo wa mwisho. Mwaka 2009 vilitazamwa tena: mifupa ile haikutafunwa, haikuliwa na asidi ya tumbo, na ilikuwa ya spishi ileile. Vilikuwa viinitete. Mwaka 2014 ikafuata kazi juu ya Microbrachius, antiaki wa sentimita nane hivi, ambaye dume wake alikuwa na viungo vya mfupa vilivyopinda kwa nje na jike vibamba vya kuvishikilia. Kwa umbo hilo ilibidi wakae ubavu kwa ubavu. Papa na taa wa leo hutungisha ndani pia, na dume lao wana viungo viwili chini ya tumbo ambavyo kila muuza samaki wa pwani anavijua. Tofauti ni kwamba vya papa ni sehemu ya pezi la nyonga, na vya plakodemi vilisimama peke yake nyuma ya pezi.

Asidi ina mpaka wake. Tishu laini zilizogeuka fosfati ni nyembamba kuliko karatasi, na mwamba unaozizunguka ukiondoka nazo huanguka. Kwa hiyo katika miaka ya karibuni baadhi ya mabonge ya Gogo hayakuyeyushwa kabisa. Yalipigwa eksirei kali ya sinkrotroni (mtambo mkubwa wa kuzalisha miale hiyo) ya Grenoble, Ufaransa, na miale ya nyutroni huko Sydney. Mwaka 2013 Trinajstic na wenzake walionyesha misuli ya shingo na, kwa mshangao wa wengi, misuli ya kukatiza tumboni ambayo watu walidhani ni ya wanyama wa nchi kavu. Mwaka 2022 wakaonyesha moyo: umepinda umbo la S, vyumba viwili, umekaa mbele chini ya matamvua, ukitenganishwa na ini kubwa la sehemu mbili lililofuatwa na tumbo na utumbo. Mapafu hayakuwapo. Tangu mwaka 1941 Robert Denison alikuwa ameandika kwamba Bothriolepis wa Miguasha alikuwa na mapafu, na vitabu vingi viliinakili. Mimi ningeifuta.

Taya lako

Swali la ukoo limegeuzwa na China. Huko Qujing, mkoa wa Yunnan, kwenye mwamba wa Siluri, kipindi kilichotangulia Devoni, wenye takriban miaka milioni 423, alipatikana Entelognathus primordialis, samaki wa sentimita 20 hivi aliyeelezwa na Zhu Min na wenzake mwaka 2013. Kichwa na kifua ni vya plakodemi wazi, mabamba yamepangika kama ya athrodira. Pembeni mwa mdomo, hata hivyo, kuna mifupa mitatu ambayo athrodira wa kawaida hana: miwili ya taya la juu na mmoja wa taya la chini, ile ile inayobeba meno ya changu, ya paka na yako. Mwaka 2016 akaongezwa Qilinyu kutoka mwamba huohuo, mwenye mifupa hiyo katika hali ya katikati, sehemu yake ikiwa bado ndani ya mdomo na sehemu ikitoka usoni.

Watafiti wengi sasa wanaona plakodemi si tawi moja lililokatika. Ni mfululizo wa matawi kwenye shina linalokwenda kwa papa na taa upande mmoja, na samaki wa mfupa pamoja na wanadamu upande mwingine. Wapo wanaoendelea kutetea ukoo mmoja, na hoja zao si za kupuuzwa, maana hesabu za nasaba hubadilika ukibadilisha sifa chache. Ila matokeo ya picha ya kwanza yanafaa kutamkwa: papa hakuanza na gegedu akasubiri mfupa. Mababu wake walikuwa na mfupa, akaupoteza. Minjinia, plakodemi wa Mongolia aliyetangazwa mwaka 2020, ana mfupa wa ndani uleule uliodhaniwa kuwa wa samaki wa mfupa peke yao. Na wazee wa kundi hili wanazidi kusogezwa nyuma. Xiushanosteus wa Chongqing, mwenye sentimita tatu tu, ana takriban miaka milioni 436.

Mwisho wao ulikuja miaka milioni 359 iliyopita, kwenye maangamizi yanayoitwa Hangenberg. Zamani ilisemekana kwamba deraya nzito iliwashinda, papa wepesi wakawapiku. Mwamba hauonyeshi hivyo. Plakodemi walikuwa wengi na wa aina nyingi hadi karibu na tabaka la mwisho, kisha hawapo. Papa na samaki wa mapezi ya miale walitanuka baadaye, kwenye nafasi iliyokwisha kuachwa wazi.

Afrika

Barani kwetu kuna sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni Waterloo Farm, pembeni mwa Makhanda, Afrika Kusini, ambako ujenzi wa barabara mwaka 1985 ulifunua mwamba mweusi wa matope. Robert Gess amefanya kazi humo kwa miongo, ikiwemo kuokoa tani kadhaa za mwamba mwaka 1999 barabara ilipotanuliwa. Miaka milioni 360 iliyopita hapo palikuwa mlango wa mto ndani ya duara la Antaktika. Wamo Bothriolepis africana, Groenlandaspis riniensis na Africanaspis wa spishi mbili, wengine wakiwa wachanga wenye alama ya mwili hadi mkiani. Hapa asidi haina kazi. Mfupa wenyewe ulishabadilika kuwa mika na madini ya udongo, weupe juu ya weusi, na njia pekee ni kupasua kurasa za mwamba kwa kisu, pole pole, na kuzitunza zote mbili.

Pamoja nao aliishi Serenichthys, silikanti mchanga aliyeelezwa mwaka 2015. Ukoo wa silikanti ulivuka pale ambapo plakodemi hawakuvuka, na ndugu zake wa leo wamenaswa Malindi mwaka 2001 na katika maji ya Tanzania tangu 2003. Plakodemi wenyewe usiwatafute Kenya wala Tanzania. Sehemu kubwa ya miamba yetu ya bara ina umri mkubwa mno ama mdogo mno, na ile ya mashapo ya pwani inaanza na tabaka za Karoo, zilizowekwa baada ya wao kutoweka. Samaki wa tabaka ziitwazo Maji ya Chumvi, kule nyuma ya Mombasa, ni wa Triasi, zaidi ya miaka milioni 100 baadaye.

Sehemu ya pili ni Moroko, Tafilalt na Maïder, mashariki mwa milima ya Anti-Atlas: Dunkleosteus marsaisi, Titanichthys aliyechuja vyakula vidogo, na Alienacanthus mwenye taya la chini refu mara mbili ya fuvu. Vichwa vingi vinavyouzwa mtandaoni hutoka huko, na vingi vimeunganishwa kutoka kwa samaki wawili, watatu. Kabla ya kulipa, omba picha chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Gundi na plastiki nyingi hung'aa rangi tofauti na mfupa. Omba picha ya kingo. Mabamba ya mnyama mmoja huwa na ukanda wa kulaliana unaooana, na mabamba ya kuokoteza hukutana kwa kujazwa unga wa mwamba na gundi. Angalia viputo vidogo vya hewa, dalili ya kitu kilichomiminwa. Pamba yenye asetoni mahali pa siri itatoka na rangi kama kuna rangi. Muuzaji akikataa yote haya, bei yake ni ya sanamu.